Siku Tuliposoma Jalada la Shamba Huko Nicodemus

Mwaka 2008, nilipokuwa nasoma kilimo katika mji wa Hays, jimboni Kansas, nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane ambaye ukoo wake ulitoka Nicodemus, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1877 na watu Weusi waliohama kutoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Kila mwisho wa Julai wazao wa kijiji hicho hurejea huko kutoka miji ya mbali kuadhimisha ukombozi wa mababu zao. Mwaka ule Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliniomba nifuatane naye ili nisome mbele ya ukoo nakala ya jalada la ardhi la baba wa babu yake, aliyoagiza kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa huko Washington.

Baada ya ibada na chakula, ukoo wake ulikusanyika chini ya turubai, wazee wakiwa wameketi mbele na watoto wakiwa nyasini. Bibi alinitambulisha kuwa ni mwanawe kutoka Tanzania, kisha akaniambia nianze, tena nisiruke neno hata moja.

Jalada lilikuwa na kurasa chache tu. Sheria ya Homestead, aliyoitia saini Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimruhusu mtu aliyefikisha miaka 21, au aliye mkuu wa kaya, kudai ekari 160 za ardhi ya serikali kwa kulipa ada ndogo. Hati hakupewa mpaka aishi hapo miaka mitano, ajenge, alime, kisha afike mbele ya ofisa wa ardhi pamoja na majirani wawili wa kumshuhudia. Nilichokuwa nasoma ni ule ushahidi wa mwisho, ulioandikwa kwa maswali na majibu. Nyumba ilijengwa lini? Mwaka 1878. Ni nyumba ya namna gani? Ya kuchimbwa ardhini, yenye kuta na paa la matabaka ya udongo wenye nyasi, futi 14 kwa 16. Kuna nini kingine? Kisima, zizi, ekari 40 zilizolimwa. Je, kuna dalili za makaa ya mawe, chumvi au madini? Hakuna.

Watoto walicheka waliposikia kwamba nyumba ilikuwa shimo, na nadhani walidhani mzee wao alikuwa fukara kupita kiasi. Mimi niliyekulia Ugogo, katika tembe lenye paa la udongo, niliona akili ndani ya nyumba ile, kwa kuwa miti ni haba mno katika tambarare zile, na upepo wa kaskazini hauna kizuizi chochote. Hata hivyo sikushangaa pia kwamba waliotoka Kentucky kwenye misitu walivunjika moyo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878 na kuacha simulizi yake, alieleza kwamba mumewe alipomwonyesha Nicodemus kwa mbali hakuona mji wowote, aliona moshi tu ukitoka ardhini, na akaanza kulia. Baadhi ya wenzao waligeuza wakarudi. Waliobaki walikuwa na farasi wachache sana, hivyo wengi walivunja ardhi kwa sepetu na majembe ya mkono, wakipikia vinyesi vikavu vya nyati wa tambarare. Inasimuliwa kijijini kwamba katika kipupwe cha kwanza waliokolewa na wawindaji wa kabila la Osage waliowagawia chakula, watu ambao wenyewe walikuwa wameondolewa Kansas miaka michache tu kabla ya hapo. Mzee mmoja wa ukoo alilitaja jambo hilo kwa uzito, nami namheshimu kwa kutolipita, kwa sababu ardhi iliyoitwa ya serikali ilikuwa na wenyewe.

Ndipo nikafika kwenye swali lililogeuza mkutano wote: je, mdai amewahi kuwa mbali na shamba, na kwa muda gani? Jibu lilisema kwamba kila mwaka alikwenda kutafuta kibarua kwenye reli na katika mavuno ya watu wengine, miezi kadhaa kila safari, na kwamba muda huo wote familia yake, yaani mke na watoto watano, ilibaki shambani. Bibi aliinua mkono akaniamuru nirudie. Nikarudia.

"Mmesikia?" akawauliza. "Asingebaki yule mama, kusingekuwa na hati."

Alikuwa anasema kweli hata kwa mujibu wa sheria yenyewe, kwa maana ukaazi wa mdai ulihesabiwa kuwa haukukatika iwapo familia yake ilibaki shambani wakati yeye alipokwenda kutafuta riziki. Miaka ile mitano, iliyolifanya shamba kuwa mali ya mtu aliyewahi kuwa mali ya mtu mwingine, ilikaliwa kwa sehemu kubwa na mwanamke aliyechota maji, akachunga moto wa nyika usifike nyumbani, akapanda mahindi na kulea watoto ndani ya shimo lile. Katika jalada zima ametajwa kwa neno moja, mke. Jina la mume liko kila ukurasa, na chini ya jina hilo kuna alama ya msalaba, kwa kuwa hakuwa amefundishwa kuandika. Majirani wawili walioshuhudia nao wana majina yao.

Bibi akaniagiza niandike jina la yule mama pembeni mwa swali lile kwa kalamu ya wino. Mjukuu wake mmoja, mwanasheria, alipinga kwa adabu, akisema kwamba waraka wa serikali hauongezwi neno.

"Waraka wa serikali uko Washington," Bibi akamjibu. "Huu ni wangu, nimeulipia."

Hapo ukazuka ubishi mwingine, kwa sababu orodha ya sensa ya mwaka 1880 iliandika jina lake kwa namna moja na Biblia ya ukoo kwa namna nyingine. Wazee walijadiliana kwa muda mrefu, wakakumbushana jinsi shangazi zao walivyolitamka, mpaka wakakubaliana kwamba karani wa sensa alikuwa mpita njia tu, ilhali Biblia iliandikwa na binti yake mwenyewe. Nikaliandika kama lilivyo katika Biblia.