Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana katika wadi ya akili, Mombasa

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Niko ndani ya feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mikokoteni na watu wanaowahi kazi kisiwani. Naupenda mwendo huu mfupi kwa sababu ndio kimya changu cha mwisho. Nikishafika wadini, sauti yangu ndiyo dawa ya kwanza.

Saa moja na nusu. Tunapokezana zamu. Wagonjwa 18, usiku ulikuwa shwari. Dawa, chai, mahamri.

Saa tatu na dakika kumi. Tuktuk inasimama mlangoni. Wajomba watatu wanamshusha kijana wa miaka 24, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Anapaza sauti kwamba bandari yote ya Kilindini ni mali yake na wajomba wanataka kumdhulumu. Mama yake anasema hajalala siku nne. Mlinzi ananiuliza mbona sindano haijaletwa. Namwomba arudi nyuma kidogo.

Nasimama hatua mbili kutoka alipo, ubavuni, nisimzibe njia ya kutokea. Nasema mimi peke yangu. Watu watano wakimwambia mtu "tulia, tulia" kwa mpigo, hatatulia.

"Kaka, mimi ni sista wa hapa. Ni nini kinakusumbua zaidi sasa hivi?"

Nilidhani atataja bandari. Akasema, "Mikono yauma."

Nikatazama. Vidole vilikuwa vimevimba, kucha zimepiga weusi, na kamba imezama kwenye ngozi ya kifundo. Nikaikata kwa mkasi wa bendeji, wenzangu wanne wakiwa karibu. Hakumpiga mtu. Alivisugua vidole, akanipa kimoja nikitoboe nimpime sukari: 5.4, iko sawa. Joto sawa, kichwani hana jeraha. Hatua hii siiruki kamwe, maana nimewahi kupokea mzee aliyeitwa kichaa njia nzima, kumbe sukari yake imeshuka hadi 2.1. Alihitaji glukosi, akarudi kuwa yeye.

Utulivu haukudumu. Nilimpa dawa ya kumeza, akaitema, akanyanyua kiti. Hapo daktari akaagiza sindano. Watu watano, kila kiungo na mtu wake, mmoja akichunga kichwa na pumzi. Tulimlaza chali, kwa sababu kifudifudi kifua hubanwa. Nilimweleza kila ninachofanya: haloperidoli, dawa ya kutuliza akili, miligramu 5, na promethazini miligramu 50, pajani. Promethazini humlaza, tena humkinga na kukakamaa. Utafiti wa Rio de Janeiro uliochapishwa 2007 ulionyesha wazi kwamba haloperidoli ikitolewa peke yake, wengi zaidi hukakamaa misuli. Shingo ikimpinda mtu na macho yakampanda juu, hatakuamini tena wewe wala dawa zako.

Tulimwachia mara alipolegea. Nikaandika saa aliyoshikwa na saa aliyoachiwa.

Saa nne hadi saa tano. Kila dakika 15: pumzi, mapigo, presha. Amelala.

Mama ameketi kwenye benchi, ncha ya buibui mkononi. Mganga alimwambia ni jini. Sikubishana naye, nilimuuliza dawa zake za kliniki ziliisha lini.

"Hazikuisha, mwanangu. Aliziacha Ramadhani. Ya asubuhi angeimezaje na saumu?"

Kumbe ni hilo. Vidonge vilikuwa vimejaa kopo nyumbani, na katika sisi tuliomhudumia kliniki hakuna aliyewaambia kwamba saa za dawa zaweza kupangwa upya kabla mfungo haujaanza. Kamba ile, vidole vile, siku nne za kukesha. Liliniuma, na bado laniuma.

Saa tisa alasiri. Ameamka, ulimi mzito, anaomba chai. Nakaa naye kitandani namsimulia yaliyotokea asubuhi na kwa nini tulimshika. Anasikiliza. Ananiuliza kama alimuumiza mama.

"La, hukumuumiza."

Saa kumi na moja. Kabla ya kukabidhi zamu nachukua kadi yake ya kliniki, na chini ya jina la dawa naandika kwa herufi kubwa: RAMADHANI, TUONANE KABLA YA MFUNGO, TUPANGE DAKU NA FUTARI. Mama ananiomba nimsomee. Namsomea mara mbili.