Mjomba, huyu amelewa

Chuoni somo la udhibiti nilisapu. Fomula ya PID, ile ya kuirekebisha mashine kwa kutazama kosa lake, niliikariri usiku wa kuamkia mtihani, nikaimwaga kwenye karatasi, ikaishia hapo.

Mwaka jana nikapata EV3 ya mtumba, roboti ya kuunga ya LEGO, ya familia ya Mindstorms. LEGO waliachana na Mindstorms mwishoni mwa 2022, kwa hiyo unachukua utakachokuta: yangu ilikuja na mota tatu, kihisi cha rangi, na matofali yenye alama za meno ya mtoto wa mtu.

Nikabandika tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya vigae vyeupe vya sebuleni. Kihisi kinamulika chini na kurudisha namba: kwenye tepu 7, kwenye kigae 61, ukingoni 34. Kazi ya roboti ni kuing'ang'ania hiyo 34. Ikikosea, kosa linazidishwa na namba unayoichagua (hiyo ndiyo P), kisha mota moja inaongezewa mwendo na nyingine inapunguziwa. Nilipoweka 2, ikayumba kulia kushoto njia nzima.

“Mjomba, huyu amelewa,” akasema mpwa wangu.

Nikaweka 0.6. Ikatulia, ila kwenye kona ikapitiliza hadi chini ya kochi. Nikapanda 1.2 na kuongeza D, inayotazama kosa linabadilika haraka kiasi gani. Ulevi ukaisha.

Kilichobaki ni mota ya kushoto, imechoka, roboti inaegemea upande mmoja muda wote. Dawa yake ni I, inayokusanya makosa yote ya nyuma. Nikaiweka, ikanyooka, nikaenda kuchemsha chai.

Huku nyuma mpwa kaibeba ikiwa inatembea, kampelekea bibi yake aione. Hewani hakuna mwanga unaorudi, kihisi kikasoma 1. Kosa 33, mara 50 kwa sekunde. Sekunde kumi tu, jumla imeshapita 16,000. Alipoirudisha kwenye tepu ikazunguka kama pia, tepu iko chini yake haina habari nayo, inalipa deni la hewani.

Nikafungua daftari la chuo. Jambo lenyewe, jumla ya I kufura bila kikomo, limo, mstari mmoja, nimelipigia wino mwekundu. Mwekundu!

Dawa ilikuwa mistari miwili ya programu: jumla isivuke kikomo. (Jua la asubuhi likipita dirishani namba zote zinaharibika, hilo bado. Nacheza usiku.)

Mpwa sasa anaiinua makusudi, anaishusha, anasubiri izunguke. Haizunguki. Amenuna.