Nakata, batu bado hawamusahau

Jana niko Birere, hapa Goma, nashariji telefone, kijana mumoja ananionesha video ya Nakata, ule Mujapani wa nywele za rangi, muchezaji wa Roma ya Italia, ni mwaka 2001, Roma wanapigwa 2-0 na Juventus, Nakata anaingia kwa nafasi ya Totti (Totti mwenyewe!), anaachia shuti ya mbali, mpira paka ndani, mechi inaisha 2-2 na mwisho wa musimu Roma wanabeba ubingwa wa Italia. Ule kijana hata alikuwa hayazaliwa. Nakata aliacha mpira 2006, miaka 29 tu, akaandika mwenyewe kwa sayiti yake, leo anauza sake, pombe ya muchele ya kwao. Nikaangalia lile goli mara ine, mega zikaisha, betri iko 11%.