Mahame ya Babu

Mahame ya babu, yaani makao yake ya zamani yaliyoachwa, yapo mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kijijini, nayo hutambulika kwa mkwaju mmoja na jiwe la kusagia lililopasuka. Familia ilihamishwa kutoka hapo wakati wa Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwaka 1973 kwamba kufikia mwisho wa 1976 Watanzania wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji. Sababu yake ilieleweka, kwani shule, zahanati na maji ni vigumu kuvifikisha kwa kaya zilizotawanyika. Shule ilikuja kweli, na mama akasoma.

Shamba, hata hivyo, lilibaki kule kule, samadi haikubebeka tena, na kuni zikaanza kuadimika kandokando ya kijiji. Kwa maoni yangu, badiliko kubwa zaidi lilikuwa la ujirani: watu wa koo mbalimbali walipopangiwa viwanja mstari mmoja, Kiswahili kikawa lugha ya kisimani, na wazazi wangu wakajuana hapo. Babu mwenyewe alilalamikia jambo moja tu, makaburi, ambayo alirudi kuyafyekea kila mwaka kabla ya mvua.