Kivuli cha saa sita mchana

Waulize watoto wa darasa la sita hapa Dar es Salaam jua liko wapi saa sita mchana, watakujibu kwa sauti moja: utosini! Jibu wamelikariri, na huwa siwasahihishi. Nawaambia watoke nje.

Tunasimika fimbo ya mita moja kwenye ndoo ya mchanga. Mzazi mmoja ambaye ni fundi ujenzi alituazima timazi yake, Mungu ambariki, kwa hiyo fimbo inasimama wima kweli. Kabla ya kupima, kila kikundi kinaandika daftarini kinachotarajia kuona. Hapo sina mjadala: asiyeandika hapimi, kwa sababu akishaona matokeo atadai alijua tangu mwanzo.

Mwishoni mwa Mei tulianza saa 5:30 asubuhi, tukitia chaki kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano. Saa sita kamili ikafika, kivuli kipo. Tena kimezidi nusu mita, kimelala kusini! Zogo likaanza. "Mwalimu, fimbo imepinda!" Timazi ikaletwa, fimbo imenyooka. "Basi saa yako mbovu." Simu zikakaguliwa, zote zinasema vilevile. Kivuli kikazidi kufupika hadi karibu saa 6:20, sentimita 52, ndipo kikaanza kurefuka tena.

Nilichowapa ni kidokezo tu: saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, Dar iko karibu na 39, na dunia huzunguka digrii moja kwa dakika nne. Wakapiga hesabu wenyewe: dakika 24. Binti mmoja akasimama. "Mbona tumepima 20?"

Swali hilo nimeliacha ubaoni kwa makusudi, ingawa nalitamani sana kulijibu. Njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua huwahi au kuchelewa kadiri mwaka unavyosonga. Karibu na tarehe 10 Oktoba jua litapita utosini kweli hapa Dar, nalo litafika pale mnamo saa 6:10. Pengo litakuwa kubwa zaidi, na nataka walione wao kwanza.

Walimu wa Mwanza, jua lenu la utosi linakuja mapema, mwishoni mwa Septemba. Mtwara, subirini hadi tarehe 20 Oktoba hivi. Andaeni fimbo.