Central Park mwezi wa nne, kusini mpaka Harlem kwa mguu

New York mwezi wa nne ni vituko. Jua linawaka vizuri kabisa halafu upepo unakupiga mpaka kwenye mifupa, ila wenyeji wakishaona jua tu tayari wametoka na kaptula. Mimi nilishuka treni Columbus Circle na koti langu zito, nia ni kuikata Central Park, ile bustani kubwa ya katikati ya mji, yote mpaka mtaa wa 110, kama kilomita 4 hivi ukinyoosha, sema mle ndani hakuna anayenyoosha maana njia zenyewe zimepindishwa makusudi.

Ukiingia unasema hapa walibakiza kipande cha pori mji ukajengwa pembeni. Wapi! Ekari 843 na karibu kila kitu kimepangwa na watu. Wabunifu wawili, Olmsted na Vaux, walishinda shindano la ramani ya bustani 1858, vibarua wakalipua miamba kwa baruti, wakachimba maziwa, wakaleta udongo, wakapanda miti. Nilisimama kwenye daraja la Bow Bridge, chini watu wanapiga makasia, pembeni maharusi wawili na wapambe wao wanagombania kona moja ya picha, nikawa nawaza ziwa lote hili ni la kuchimba jamani.

Pale Bethesda kuna malaika wa shaba juu ya chemchemi, kazi ya Emma Stebbins, ilizinduliwa 1873. Sanamu yenyewe ni ya kushukuru maji safi ya mto Croton yalivyofika mjini 1842. Yaani watu walipata maji ya bomba wakayatengenezea malaika, na sisi tuliokulia Dar na ndoo za mgao tunawaelewa kabisa.

Ramble nilipita taratibu, kile kimsitu kinajaa ndege wanaohama msimu huo, wazee na darubini zao wamekaa kimya wanaangalia kichaka kimoja weee, nikaangalia na mimi sikuona kitu nikaendelea.

Sasa upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na 89, hapo ndo nilikaa sana. Kuna vibao tu, bila vibao ungepita. Palikuwa na kijiji kinaitwa Seneca Village, watu weusi walianza kununua viwanja pale 1825, wakajenga nyumba, makanisa matatu, shule, na kiwanja kilikuwa na maana kubwa kwao kwa sababu mtu mweusi New York alikuwa hapigi kura mpaka awe na mali ya dola 250. Kufika 1857 wote wameshaondolewa, bustani inakuja. Fidia walilipwa wenye viwanja, na wengine walilalamika ni ndogo, hadithi ambayo kwetu haihitaji kufafanuliwa. Watoto wanacheza mpira kwenye majani yaleyale. Mi sisemi bustani ni mbaya, nilikuwa naifurahia kabisa, ila kibao peke yake naona ni kidogo.

Nikazunguka bwawa kubwa, lile lenye jina la Jacqueline Kennedy Onassis, micheri imechanua maua ya rangi ya waridi hata matawi huyaoni, kila mtu simu juu. Karibu na mtaa wa 90 mashariki kuna sanamu ya Fred Lebow, mwanzilishi wa New York Marathon, anaangalia saa yake. Nikamkumbuka Juma Ikangaa wetu, 1989 alimalizia mbio humuhumu Central Park kwa saa 2:08:01 akawa bingwa. Kuna jamaa alinipita anakimbia nikatamani nimwambie, nikaona ataniona chizi.

Bustani ya maua ya mtaa wa 105 nilipitiliza, miguu ilishakataa. Nikatokea Harlem Meer, ziwa la kona ya juu ya bustani, nikavuka mpaka mtaa wa 116 kwa Wasenegali, nikaagiza wali wa samaki, sahani imejaa mpaka ukingoni na pilipili pembeni, mama muuzaji ananiongelesha Kifaransa mimi naitikia tu.