Nilivyoripoti hitilafu ya programu hadi ikarekebishwa

Programu ya majedwali niliyokuwa nikiitumia kazini ilianza kujifunga yenyewe. Nabofya kuhifadhi, dirisha linaganda, kisha linatoweka na kazi yote. Ni programu huria, inatengenezwa na watu wanaojitolea, kwa hiyo niliona bora niwaandikie kuliko kuhamia nyingine.

Kwanza nilitaka kujua kama naweza kuifanya ijifunge kila nitakapo. Mtengenezaji haioni skrini yangu. Akisoma "haifanyi kazi" hana pa kuanzia, lakini akipewa njia ya kuiona hitilafu kwenye kompyuta yake mwenyewe, anaweza kuifuatilia hadi kwenye chanzo.

Faili lenyewe lilikuwa na safu zaidi ya 1,000, zenye majina na mishahara ya watu, na kamwe siwezi kutuma kitu kama hicho. Nikatengeneza nakala, nikafuta nusu ya chini, nikahifadhi. Ikajifunga. Nikafuta nusu ya iliyobaki, na safari hii ikahifadhi vizuri, maana yake tatizo limo katika nusu niliyoifuta. Nikairudisha hiyo, nikafuta ile nyingine. Wengi huikwepa kazi hii wakidhani haina mwisho, kumbe ukikata nusu kwa nusu, safu 1,000 hubaki moja kwa hatua 10 hivi. Mwishowe nilibakiwa na seli mbili (vyumba vya jedwali) zilizounganishwa kuwa moja, juu yake pana maoni, yaani dokezo lililobandikwa kwenye seli. Nikafungua faili jipya, nikaunganisha seli mbili, nikaweka maoni, nikahifadhi kama xlsx, aina ya faili la Excel: ikajifunga. Nikihifadhi kama ods, aina nyingine ya faili la majedwali, salama.

Nikasasisha programu, kwani huenda walishairekebisha. Bado. Nikapekua ripoti za wengine kwa kutumia maneno ya ujumbe wa kosa, sikukuta inayofanana.

Ndipo nikaandika. Kichwa: "Hujifunga ikihifadhi xlsx yenye maoni kwenye seli zilizounganishwa." Chini yake:

"1. Fungua faili jipya. 2. Unganisha A1 na B1. 3. Weka maoni yoyote. 4. Hifadhi kama xlsx. Nilitarajia faili lihifadhiwe. Badala yake programu inajifunga, kila mara."

Nikaongeza namba kamili ya toleo (ukiandika "la karibuni" tu, mwezi ujao halitakuwa la karibuni tena), mfumo endeshi, na ujumbe wa kosa nilioubandika kama maandishi, si picha, ili mwingine akiutafuta aupate. Nilichokisia kuhusu chanzo nilikiweka mwishoni na kusema wazi ni kisio, maana kisio likichanganywa na nilichokiona linaweza kumpoteza msomaji. Kulikuwa pia na kasoro ya uchapishaji. Hiyo niliiandikia ripoti yake peke yake. Na kama ingekuwa hitilafu ya usalama, inayoweza kumfungulia mdukuzi mlango, nisingeiandika hadharani kabisa. Hiyo hupelekwa kwa watengenezaji kwa faragha.

Mmoja wao aliniuliza kama maoni yakiwekwa kabla ya kuunganisha seli inajifunga pia. Nikajaribu papo hapo: haikujifunga. Jibu hilo lilimwonyesha pa kutazama. Toleo la majaribio lilipotoka nililisakinisha, nikarudia hatua zilezile nne, faili likahifadhiwa, nikawathibitishia. Lile faili langu dogo wakaliingiza katika majaribio yao yanayojiendesha kila msimbo unapobadilishwa.